Fomu Niliyoifunika kwa Plastiki

Jumanne, Donholm

Mama Zuhura wa nyumba ya pili amerudishiwa ada yake yote ya klabu ya ununuzi. Mimi bado. Tulijiunga siku moja na kujuta siku moja, ila yeye aliiweka fomu yake kando ya unga, nami nikaipeleka yangu saiberi ikafunikwa kwa plastiki isichakae.

Leo karani wa klabu aliigeuza mara mbili. "Mama, anayejitoa anatia sahihi hapa nyuma. Sasa kalamu itaandika wapi?"

Ya Mama Zuhura ilikuwa na doa la mafuta. Ikapigwa muhuri.

"Jirani, umeitunza kama cheti cha ndoa," akanitania njiani. Nikacheka. Kwa wivu, hata hongera sikumpa.

Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujitoa. Nikikosa, mwanangu Neema atarudi shule na viatu vilevile vinavyombana.

Nimejaribu kuibandua plastiki kwa wembe, lakini karatasi inachanika. Mama Zuhura ni fundi wa nguo, hufumua mishono kwa wembe bila kugusa kitambaa. Itabidi nimbishie hodi asubuhi, na nianze na ile hongera.