Kikombe cha Mama Kimenyamaza

Mpendwa mshauri, naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana hili nililonalo sijamwambia mtu, na barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana, hii ni ya nne.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, fundi cherehani, nashona sare za shule hapahapa nyumbani katika chumba cha mbele, na ninaishi na mama yangu ambaye alipatwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia wote ukapooza na maneno yakampotea, likabaki moja tu, "haya", akitaka maji ni haya, akiumwa ni haya, akikasirika ni haya, utajua mwenyewe, na kwa kuwa mkono wa kushoto bado una nguvu nikampa kikombe cha bati awe anagonga chuma cha kitanda, mara mbili nimgeuze au nimpe maji, mara tatu nimletee chombo cha haja, na hiyo ndiyo imekuwa lugha yetu. Mama alikuwa mkunga. Miaka thelathini na moja watu walimgongea mlango saa yoyote na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu asubiri.

Tumezaliwa watatu. Kaka yangu mkubwa ana ofisi yenye kiti kinachozunguka, mdogo wangu wa kike anapokea wageni hotelini, na mama alipotoka hospitali walikaa kikao hapa sebuleni, mimi nikiwa jikoni nawapikia, wakaamua bila kuniita kwamba kwa kuwa sina mume wala mtoto, basi mimi nina nafasi. Nafasi, mshauri. Mtu wa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongo, kufua mashuka manne kwa siku, kumlisha kijiko kwa kijiko asipaliwe, na katikati ya hayo nishone kola na mifuko, huyo ndiye mwenye nafasi.

Sikuwa mwema, nakiri. Nilikuwa namfokea. Siku moja alimwaga supu nikamwambia, "Mama, unafanya makusudi," naye akaniangalia tu. Mdogo wangu alipiga simu siku hiyo akanisikia ninavyopaza sauti, na badala ya kupanda gari aje anishike mkono, akanitumia mafunzo ya utulivu kwenye simu, sauti ya bwana mmoja anayeongea polepole na maji yanatiririka nyuma yake, akaniandikia kwenye kundi la familia, "Dada, dakika kumi tu kwa siku, utajiona mpya," na kaka akaweka kile kipicha cha viganja viwili vilivyokutana, na shemeji naye akakiweka, ikawa ndiyo mchango wa familia wa mwezi ule.

Lakini sitasema uongo, yalinisaidia. Nilikuwa nafunga mlango wa chumba changu, naziba masikio kwa zile waya za kusikilizia simu, nakaa sakafuni nimeegemea kitanda, navuta pumzi kwa kuhesabu nne naitoa kwa kuhesabu sita, nausikia uzito wa mwili wangu ulivyo, mwili ambao nilikuwa nimeusahau kama una mwenyewe. Wiki ya pili nikaacha kufoka. Mama mwenyewe aliona, siku moja namchana nywele akanishika kidole akasema haya, taratibu, nikaenda kulia bafuni. Dakika kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa nusu saa, na nikawa naisubiri ile nusu saa ya mchana kama mtu anavyosubiri mshahara.

Sasa Jumatano ya wiki tatu zilizopita, saa nane mchana, nimekaa, na bwana yule amefika pale anaposema, "Sauti yoyote ukiisikia, itambue, kisha iache ipite, huna haja ya kuijibu," na mimi nikasikia kikombe. Mara tatu. Zile waya hazizibi sana, mshauri, siwezi kujificha hapo. Nikaitambua. Nikaiacha ipite. Akagonga tena tatu, nikaiacha ipite, na hata nikajisifu moyoni kwamba leo kweli nimekomaa, sijashtuka, sijakunja uso. Kisha kukawa kimya nikafurahi. Nilimaliza dakika zangu zote, nikanyoosha miguu, nikafungua mlango nikiwa na tabasamu, nikamkuta mama yangu sakafuni, alikuwa anajaribu kukifikia chombo mwenyewe, kipaji cha uso kimepasuka, nguo zimelowa, kikombe bado anacho mkononi. Hakusema haya.

Walimshona nyuzi saba. Nesi aliniuliza nilikuwa wapi nikasema nilikuwa nje naanika mashuka. Ndugu zangu nikawaambia hivyohivyo, na mdogo wangu akaniandikia, "Usijilaumu dada, pumua." Mama alikuwa amelala pembeni yangu nilipokuwa nadanganya, macho yake wazi, na chumba chake kinatazamana na changu, kila siku ananiona napita na simu yangu nafunga mlango, kwa hiyo anajua.

Na tangu siku ile hajagonga. Kikombe nikimpa anakipokea, ana adabu zake, halafu nikigeuka anakiweka kwenye stuli. Afadhali alowe kuliko kuniita. Nakuta shuka limelowa hadi limepoa, na yeye anaangalia dari, nikimuuliza, "Mama, kwa nini hukugonga?" ananiambia haya, na ile haya siijui, miaka miwili nimezijua zote isipokuwa hiyo.

Jumapili ijayo ndugu zangu wanakuja. Mdogo wangu anataka aje na wenzake wawili wa darasa lake la utulivu, nikae mbele ya simu nitoe ushuhuda jinsi pumzi ilivyonisaidia kumlea mgonjwa kwa moyo mweupe. Kaka amesema ni wazo zuri, litawatia wengine moyo.

Nisaidie. Je, niache kabisa haya mambo ya kukaa na kupumua, maana sasa nikifumba macho tu nasikia bati? Je, niwaambie ukweli, na wakisema sifai kumtunza? Na nifanye nini mama agonge tena?

Ni mimi, Mwenye Nafasi.

JIBU

Mwenye Nafasi,

Pole. Naliweka neno hilo mwanzoni kwa sababu huko mbele hutalisikia sana. Pole kwa mashuka manne kwa siku, pole kwa kupangiwa maisha na watu waliokuwa wanasubiri chakula chako.

Sasa tuseme ukweli. Ulisikia. Umeliandika neno hilo mwenyewe na nimekuheshimu kwa hilo, kwa hiyo usitegemee nikufutie. Wala usimsukumie yule bwana wa sauti laini. Yeye aliwasemea watu ambao anayewagongea ni jirani anayepigilia misumari. Hakujua kama chumba cha pili kuna mama yako. Wewe ulijua, na ulijua pia kwamba tatu ni chombo.

Unajua kwa nini hagongi? Mama huyu kwa miaka thelathini na moja aligongewa mlango akaamka. Hakuna mtu katika nyumba hiyo anayejua kuliko yeye maana ya kugonga usifunguliwe. Amegonga tatu, akarudia tatu, amepata jibu, na amelishika. Ndiyo ile haya usiyoijua.

Ndugu zako nao wana lao, sitawaacha. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu akikuona umeinama chini ya gunia, akasimama pembeni kukufundisha namna ya kuvuta pumzi, huyo hajakusaidia, anataka tu usiache kubeba. Mdogo wako angeziweka zile dakika kumi kwenye gari akaja, mama asingeshonwa. Na ulipoacha kufoka wao ndio waliotulia kuliko wewe, kwa sababu wakipiga simu hawasikii tena kelele.

Unauliza uache kupumua? Usiache. Kulikuondoa kwenye kumfokea mama mgonjwa, na hilo si jambo dogo. Ulichokosea ni kudhani utulivu uko nyuma ya mlango uliofungwa. Toa hizo waya masikioni. Dakika zako kumi, kumi tu, si thelathini, zikae kitini kando ya kitanda chake, mlango wazi, macho wazi ukipenda, nne ndani sita nje kama ulivyozoea, naye akitaka kupumua pamoja nawe apumue, asipotaka aangalie dari lake. Unapofua, fua. Sikia maji, sikia shuka linavyokuwa zito mikononi, na ukijikuta umeanza kugombana na kaka yako kichwani, mwache hukohuko kwenye kiti chake kinachozunguka, rudi kwenye shuka. Unapomlisha angalia kijiko na midomo yake, saa ya ukutani iache. Kabla hujaingia chumbani kwake simama mlangoni, sikia nyayo zako zilivyokanyaga sakafu, toa pumzi moja ndefu, kisha ingia. Hayo hayahitaji bwana wala maji ya kutiririka. Lakini nakuonya, pumzi haimgeuzi mgonjwa. Mgonjwa anageuzwa na mikono, na yako ni miwili tu.

Kuhusu ukweli, anza na mama, na usingoje Jumapili. Leo, ukimaliza kusoma hili, kaa upande wake wa kushoto ambako mkono wake unafanya kazi, umwambie, "Mama, siku ile nilikusikia nikakuacha. Halafu nikadanganya mbele yako." Ishia hapo. Usitaje kuchoka, usitaje simu, hayo ni yako na mimi. Atakuambia haya. Usikimbie kujifurahisha kwamba umesamehewa. Inawezekana amekusamehe, na inawezekana amesema tu kwamba amesikia. Chukua ulichopewa, ukabadilishe shuka.

Jumapili usipike. Hao wenzake wawili mwambie mdogo wako leo hii wasije, nyumba ya mgonjwa si ukumbi. Yeye na kaka wakifika, keti sebuleni kama mgeni, na kikao mara hii kifanyike ukiwa ndani. Ushuhuda wanaoutaka wape, wote, kuanzia kikombe cha kwanza mpaka uzi wa saba, na mashuka ya kuanikwa uyatoe kwenye hadithi. Kisha mmoja wao atasema hufai. Usilie wala usipandishe sauti, mjibu, "Kweli, peke yangu sifai," halafu weka karatasi mezani yenye siku saba za wiki, na usinyanyuke mpaka kila siku iwe na mtu. Kama kaka yako anaona si heshima mtoto wa kiume kumbadilisha mama, mashuka hayana heshima hiyo, atafua. Mdogo wako anajua kupokea wageni kwa tabasamu siku nzima, basi ampokee na mama yake siku mbili kwa wiki. Wakikataa, usiendelee kuificha aibu yao kwa utulivu wako. Waambie wajomba na shangazi, na watu wote ambao mama aliwazalisha, mbona ni wengi.

Kuhusu kikombe, usimlazimishe. Usimpe mkononi kila saa kana kwamba ni dawa. Kiache juu ya godoro ambapo mkono unafika, kisha wewe ndiye uende. Kila saa, bila kuitwa, mwulize kama anataka chombo, mwulize kama amechoka upande huo. Uende na siku ambazo shuka ni kavu, uende na siku ambazo hakuangalii. Nakuambia mapema ili usije ukaniandikia barua ya tano kwamba umefanya yote na bado: huenda asigonge tena. Alijifunza kwa nusu saa, kusahau kunaweza kuchukua zaidi ya umri uliobaki. Utaendelea kwenda hivyohivyo.

Na kama siku moja umekaa kwenye cherehani, sindano iko katikati ya kola, ukasikia bati limegusa chuma, hata mara moja, hata kama ni mto tu umekaa vibaya, inuka. Usivute pumzi kwanza.