Filamu Yako Dirishani Kwangu

Baba Watoto,

Watoto hawajambo, paa ulilotuachia bado linavuja. Mimi bado nauza tiketi palepale sinema, na wiki hii tunaonyesha filamu yako. Nimemwona humo yule mke mkorofi uliyemvika gauni langu la kijani.

Siku ya kwanza kila mteja nilimnong'oneza dirishani, "Usitarajie makubwa." Nilikosea. Walitoka wakitabasamu, "Mbona si mbaya?"

Tangu jana naapa kwamba hawajawahi kuona filamu nzuri kama hii. Sasa wanatoka wamenuna. Fundi viatu wa jirani anasema akikuona atakueleza.

Jumamosi unakuja mwenyewe kusalimia watazamaji. Tiketi zimekwisha zote. Nimekusifia mpaka sauti imenikauka.

Aliyekuwa mkeo