Ushuhuda wa Masikio ya Carelle

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Alhamisi asubuhi

Yaya wangu mpendwa Benedicte,

Nakusalimia sana mu jina la Bwana wetu. Mama anakohoa bado? Na ile miguu yake, inavimba? Mwambie namutaja kila asubuhi mbele ya Mungu, pamoja na amani ya Bukavu. Sisi huku tuko wazima, ugali wa nsima tunapata, ni baridi tu njo inatusumbua. Binti yako Carelle iko na afya, amerefuka, viatu ya mwaka jana haimuingie tena.

Yaya, sauti yako kwenye simu nilisikiliza mara tatu. Ulilia kwa furaha, ukasema sababu Bwana amemufungua Carelle masikio, Jumatatu atoke shule ya viziwi kule Nsungwi, aingie shule ya batoto bote hapa kambini. Nakuandikia ku karatasi, nitaipiga picha nikutumie, kwa maana kwa mdomo singeweza. Soma polepole, usinikasirikie hujafika mwisho.

Unajua ulipomuacha mu mikono yangu ukarudi Bukavu kutunza mama, niliomba kazi ya kulinda mabinti mu ile shule ya viziwi, nisiachane naye. Baliposikia nilicheza netiboli zamani, bakanipa timu. Mi sina diplome, lakini mpira wa viziwi hauombi diplome, unaomba macho. Refa anapiga filimbi, mi naamsha mkono, mabinti banasimama pamoja kama mutu mumoja. Carelle njo mufungaji wetu. Mwezi uliopita tulipiga shule moja ya benye banasikia, kumi na tisa kwa kumi na moja, na mwalimu wao akalalamika eti betu banajifanya viziwi. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ila bantu ba kanisa letu, yaya, afazali usiniulize. Mama Rosalie, yule anajiita rais wa bamama, alisema mi nachezesha kuku, na binti bubu akivaa sketi fupi hata mwendesha baiskeli ya kabaza hatamuoa. Yeye anasikia vizuri sana, na bwana yake alikimbilia Afrika Kusini bila kuaga.

Na huyo Pasta Fabien. Koti mu joto, koti mu baridi. Shuleni alifika mara moja tu, kupiga picha. Akashika micro, akahubiria mabinti arobaini viziwi nusu saa nzima, na alipoona habasemi amina, akaongeza sauti. Batoto balidhani meno inamuuma.

Siku ya Mungu, Jumapili iliyopita, akaita Carelle mbele. Akamuingiza vidole masikioni, akamusukuma kichwa, akapiga kelele, na mtoto anamutazama vile unatazama mbuzi imeingia nyumbani. Mara ya kwanza bure, ya pili bure. Hapo pasta akafuta jasho, akasema mu nyumba ya huyu mtoto kuna dhambi imefunga njia. Mama Rosalie akageuka kuniangalia, na kanisa nzima nyuma yake. Alafu pasta akasimama nyuma ya mtoto, akapiga makofi, na Carelle akageuka. Yaliyofuata unayajua. Pasta alikupigia simu hata sadaka haijapita.

Yaya, hakusikia kitu. Ni mi. Nilikuwa kwenye kwaya, mbele ya macho yake. Mu mpira, nikigusa kisogo changu, maana yake mpira uko nyuma yako, geuka. Niligusa kisogo.

Ningekuambia nilimuhurumia kwa vile vidole, na ni kweli, lakini kidogo tu. Niliogopa macho ya Rosalie. Naamini Bwana anafungua masikio ya mwenye anataka, lakini ile siku hakufungua. Pasta ni mujinga, anaamini kazi ya mikono yake. Mi sikuwa mujinga, nilijua. Miaka yote namucheka, na mi mwenyewe njo nilimutengenezea muujiza.

Mu shule ya benye banasikia Carelle atakaa nyuma anatazama midomo, mpaka mwalimu aseme ni kichwa kigumu. Nimeamua, siku ya Mungu wakati wa shuhuda nitasimama niseme yote. Banifukuze kwaya kama banataka. Lakini neno la shule liko kwako, mama mzazi. Pasta anasema atakuja kumuchukua kwa ruhusa yako. Mupigie simu leo, umukatalie.

Tulipotoka kanisani Carelle alinivuta kitenge. Akaniuliza kwa mikono, ule ulikuwa mchezo gani, na kama tulishinda.

Mupake mama mafuta ya moto ku miguu, umwambie ni mikono ya Pascaline. Bote ba hapa banawasalimia. Bwana akulinde, na akupe moyo wa kunisamehe.

Mdogo wako,
Pascaline