Karanja Nilimweka Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya kumi na tisa. Zote zinaanza sawa: Tunayo furaha kubwa kukushukuru. Sina furaha, kubwa wala ndogo. Nina mgongo unaouma na saa moja ya chakula cha mchana ambayo naimaliza hapa ofisini, kwenye kompyuta ya shule, nikishukuru watu wa safari ya baiskeli.

Mwenyekiti wetu, Bwana Gathogo, anataka wafadhili washukuriwe kabla ya safari, wakati wa safari na baada ya safari. Aliyetoa maboksi mawili ya maji anashukuriwa mara tatu. Mimi nimekuwa katibu wa kamati mwaka wa sita na sijashukuriwa hata kwa bahati mbaya.

Jumatano, 5 Machi

Jezi zimefika. Nzuri. Kijani na nyeupe. Nimeigeuza moja nione mgongo na ule mstari mdogo wa kila mwaka haupo. Kwa kumbukumbu ya Karanja. Mahali pake kuna jina la kampuni ya unga, kutoka bega hadi bega.

Nimempigia Gathogo. Akasema, "Madam, mgongo ni wa sponsa mkuu. Karanja ni wetu, ataelewa."

Ataelewa. Amekufa. Kazi ya wafu siku hizi ni kuelewa.

Niandike yote tena, maana kwenye kamati nimeanza kuonekana kama niliyabuni. Karanja alikuwa kaka yangu. Alileta maziwa Nakuru kwa baiskeli kutoka kwetu Njoro, kila siku ya Mungu. Lori likamgonga, likaenda zake. Alilala kando ya barabara saa mbili nzima akingoja gari la kumpeleka hospitali. Alikuwa anaongea. Aliuliza kama maziwa yamemwagika yote. Baada ya mazishi wenzake wanane wa maziwa waliendesha baiskeli zao hadi Eldoret na kurudi, wakisimama kanisa kwa kanisa, kuombea zahanati yetu ambulensi. Hiyo ndiyo safari. Hakukuwa na jezi. Mwaka huu ambulensi inapatikana kweli, na ubavuni itaandikwa unga.

Jumamosi, 8 Machi

Njoro kwa Mama. Gathogo anataka baiskeli ya Karanja iwekwe mbele ya hema kuu siku ya kuwapokea waendeshaji. Nilijua Mama atakataa. Iko stoo tangu siku ile waliponyoosha rimu baada ya ajali, nyeusi, ya chuma, na Mama huipangusa kila Jumamosi kwa kitambaa chake mwenyewe. Nyuma, kwenye kile kipande cha mpira kinachozuia matope, Karanja alijiandikia kwa rangi nyeupe: KARANJA. MAZIWA MAPEMA.

Mama hajawahi kuja kwenye sherehe hata moja. Leo ameuliza swali moja tu.

"Watamtaja?"

Nikasema nitamtaja mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye nasoma shukrani.

"Na maikrofoni?"

"Na maikrofoni, Mama."

Basi wachukue baiskeli, akasema. Na yeye atakuja. Ng'ombe atakamuliwa na jirani. Kwa Mama hilo si jambo dogo, huyo ng'ombe haruhusu mkono wa mtu mwingine na Mama humsifu kwa hilo.

Nimeahidi. Nimeiandika hapa pia.

Jumanne, 11 Machi

Hotuba ya shukrani. Gathogo amenipa mpangilio: mfadhili mkuu kwanza, halafu wengine kwa ukubwa wao, halafu waliotoa vitu, halafu waliotoa muda. Hakusema Karanja akae wapi. Ni kama hakufikiria kwamba ana mahali.

Nimemweka mwisho. Mwenyewe, kwa mkono wangu. Kwetu, iwe harusi au mazishi, wa nyumbani hushukuriwa mwisho, na neno la mwisho ndilo watu huenda nalo nyumbani. Sentensi tano. Nimezifanyia mazoezi mbele ya kioo mpaka jirani yangu hapa mtaani Section 58 akaniuliza kama nimejiunga na kanisa jipya.

Ni sentensi nzuri. Sioni aibu kusema hivyo.

Alhamisi, 13 Machi

Orodha inafura kama mandazi. Mwenye duka la matairi amepiga simu, anataka asomwe kabla ya mwenye hoteli. Mwenye hoteli amepiga, amesikia. Mke wa mwenye duka la dawa anauliza kama nitataja bendeji au nitasema tu "vifaa". Nitataja bendeji. Karatasi moja imekuwa mbili, na Karanja amesukumwa hadi chini kabisa ya ile ya pili.

Jioni nikaenda kuona baiskeli pale uwanjani, mahema yanaposimamishwa. Mtu wa kampuni ya unga amebandika stika. Amebandika wapi? Juu ya ule mpira. Juu ya jina. Baiskeli nzima, na akaona hapo ndipo pamelala bure.

Nilipiga kelele. Watu wa hema waligeuka. Gathogo akaniambia nipunguze hasira, stika ni karatasi na itatoka.

Nawachukia wote. Kesho nitawaandikia barua ya shukrani.

Ijumaa, 14 Machi

Wameondoka alfajiri. Kati ya wale wanane wa kwanza wamebaki wawili. Koech, mmoja wao, bado yuko na baiskeli yake ya maziwa. Ameombwa akae nyuma, asiharibu picha. Amekaa nyuma. Alinisalimia kama kawaida, na hilo lilinikera zaidi.

Jumamosi, 15 Machi

Imeisha. Naandika kama ilivyokuwa.

Waendeshaji walifika saa tisa, wakakaa kwenye nyasi na jasho lao. Mgeni rasmi alifika saa kumi na nusu. Kisha wageni wakatambuliwa, mmoja mmoja, kila mtu asimame, apunge mkono, akae. Mgeni alitambua waliotambuliwa. Meneja wa unga alizungumza kuhusu unga. Nyuma yake mlima wa Menengai ulikuwa umeshafunikwa na wingu.

Mama alikuwa hema la pili, na suti yake ya kanisa, mkoba magotini. Nilipoitwa nilimwona akimshika mkono mama aliyeketi kando yake. Alikuwa anamwambia kitu. Najua alichomwambia.

Nikaanza kusoma. Unga, makofi. Matairi, makofi. Hoteli, makofi machache, mwenye hoteli akaninunia. Matone mawili yakaanguka kwenye karatasi. Emsii, yule mwendesha sherehe, akaja, akasimama karibu nami, mkono tayari. Nilikuwa karatasi ya pili. Ile aya ya Karanja niliiona pale chini. Ningeweza kuruka. Watu wanne tu walikuwa kati yangu na yeye. Lakini mwenye duka la dawa alikuwa safu ya pili akinitazama usoni, nami nikamwogopa. Nikasoma bendeji. Nikasoma hadi zilikuwa ngapi.

Emsii akachukua maikrofoni. "Asante madam secretary, na hao wengine wote Mungu awabariki. Tusimame tuombe kabla itunyeshee."

Hao wengine wote. Huyo ndiye kaka yangu.

Ningependa kuandika kwamba walininyang'anya. Hawakuninyang'anya. Nilikuwa na nafasi, nikaitumia kwa bendeji. Na kama ningemweka mwanzo, kama mtu yeyote mwenye akili, wingu lote la Menengai lisingemfikia.

Mama aliinuka wa mwisho. Tulipofika kwake alisema, "Ulisoma vizuri. Haukukwama mahali."

Afadhali angenipiga.

Jumapili, 16 Machi

Sikuenda kanisani.

Jumanne, 18 Machi

Ujumbe wa Gathogo: hongera kwa hotuba, ilikuwa fupi na ya heshima. Sasa barua za baada ya safari, kabla ya Ijumaa. Amesahau kwamba baiskeli haijarudishwa. Nimemkumbusha. Ameniambia nisiwe na presha.

Alhamisi, 20 Machi

Baiskeli imerudi Njoro. Barua sijaandika hata moja. Gathogo amepiga mara tatu. Simu iko pale mezani inazunguka na mtetemo wake, na mimi naitazama.

Jumamosi, 22 Machi

Njoro. Mvua imekuwa ya kweli, barabara ya kwetu ni uji.

Mama alikuwa ameshaitoa ile stika kwa mafuta ya taa. Rangi ilitoka nayo. Imebaki K na nusu ya A, na chini yake MAPEMA. Ameipangusa na kuirudisha stoo. Hakunionyesha, nilienda kuangalia mwenyewe.

Tukanywa chai. Alinimiminia cha pili kabla sijaomba. Kisha akauliza, "Ile karatasi bado uko nayo?"

Ilikuwa kwenye mkoba, imekunjwa mara nne.

"Soma pale walikukatia."

Nilikuwa nimeketi. Nikasimama, sijui kwa nini. Nikasoma jina lake lote, na la baba yetu. Nikasoma kwamba alikuwa akitoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, mvua au jua.

"Saa kumi," Mama akasema. "Mimi ndiye nilikuwa namfungulia geti."

Nikatafuta kalamu. Nikakata, nikaandika saa kumi, nikarudia sentensi hiyo tangu mwanzo. Yeye alisikiliza na mikono yake mezani mpaka ile ya tano ikaisha. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja.

Kisha akachukua ndoo, maana ng'ombe alikuwa ameanza kulia.