Tetea wa Chanika

Bi Mkubwa,

Jogoo wako mzima. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza hali yangu. Mzima, na anawika mpaka majirani wa huku Mbagala wananinunia. Lakini amebaki peke yake. Mdondo, ule ugonjwa wa kuku, uliingia mtaani kwetu mara tu baada ya arobaini yako, ukafagia banda zima. Nilikuta matetea wangu wamekunja shingo, manyoya yamewasimama, wengine wanazunguka kama wanatafuta kitu kilichoanguka. Mtu wa chanjo alikuwa ameahidi kuja wiki inayofuata. Jogoo wako ndiye pekee aliyesimama, kwa kuwa wewe hukuruhusu kuku atoke uani kwako kabla hajatiwa tone la chanjo jichoni. Hata umekufa bado unanishinda. Nilicheka peke yangu pale bandani, halafu nikalia.

Watu wakijua ninamwandikia mke mwenzangu watasema nimerogwa. Waache waseme. Miaka yote ile wewe Chanika, mimi Mbagala, mume mmoja kati yetu, na hatukuwahi kukaa mkeka mmoja tukanywa chai. Hatukupigana, hilo tuseme ukweli. Tulisalimiana misibani na harusini, kila mtu akamwangalia mwenzake kanga aliyovaa, basi. Kilichotuunganisha ni mzee wetu na kapu lake la jogoo.

Unakumbuka lilivyoanza? Vifaranga vyangu vilikuwa vinatoka vidole vimepinda, vingine vinafia ndani ya yai. Mzee akakupelekea habari kama kawaida yake, maana mzee wetu hajawahi kuwa na habari isiyofika nyumba zote mbili. Akarudi na kapu, ndani yake jogoo wa mbegu ya kuchi, mrefu, macho yamekaa ndani kama ya hakimu, miguu imefungwa kwa utepe wa kanga. Na salamu zako akazileta kama zilivyo, hakupunguza neno: "Mwambie mwenzangu kuku nao wana haya. Asimwozeshe baba kwa binti."

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikamwachia yule jogoo uani, na msimu uliofuata vifaranga vikatoka vimenyooka. Nikakuletea jogoo wangu, nikamwambia mzee akueleze kuwa mimi sipokei bila kurudisha. Tangu hapo kila masika yakiisha, kapu linakwenda, kapu linarudi. Nilikuwa naugeuzageuza ule utepe nikitafuta maneno ya kanga, maana nani asiyejua kuwa kanga ya mke mwenza haikosi neno? Wewe ulikuwa unachana pembeni, pasipo na maneno. Na mimi nikachana pembeni. Tukaenda hivyo miaka.

Mara moja tu niliomba zaidi. Nilituma nipewe tetea mmoja wa mbegu yako, wale wanaotembea kama wanaogopa kukanyaga tope. Jibu lako mzee alilitoa akiangalia chini: "Jogoo ni mgeni, huja na kuondoka. Tetea ndiye nyumba. Nyumba siitoi." Sikukulaumu. Ningekuwa wewe ningesema vilevile, na kwa kweli mwaka uliofuata, ulipotaka tetea wangu mwekundu, nililisema neno hilohilo.

Sasa nikueleze kilichobadilika. Mzee analala kwangu kila siku. Nilipokuwa msichana wa kuolewa niliomba Mungu anipe hilo. Nimepewa, na silitaki hivi lilivyokuja. Siku ikiwa ya zamu yako anaamka, anavaa kofia, anachukua kapu, anafika mlangoni. Anasimama. Halafu anakaa kwenye kibaraza na kapu mapajani mpaka adhuhuri. Namletea kahawa, nakaa mbali kidogo, kwa sababu hiyo ni siku yako na mimi sijazoea kukaa na mume siku ya zamu yako.

Ndipo nikaona banda lisikae tupu. Nikalipiga chokaa, nikachoma maranda ya zamani, nikaliacha lipumzike mpaka nilipoona ugonjwa umepata njaa na kuondoka. Kisha nikaanza kutafuta vifaranga vya mbegu. Nikaenda kwa kijana mmoja anayeuza vifaranga vya mashine karibu na stendi. Ana masanduku yamepangana mpaka kiunoni, yote yanalia. Akaniambia, "Mama, hawa kuchi orijino, wametoka jana." Nikachungulia. Wote rangi moja, umbo moja. Nikamwambia, "Mwanangu, kuchi hawatoki sanduku zima sura moja kama mikate." Akacheka, akashika kichwa: "Dah, kumbe mama unawajua! Basi ni chotara, lakini wakali."

Sikumchukia, kijana anatafuta. Na vifaranga vyake vilikuwa vizuri. Niliwashika mmojammoja ulivyokuwa unamfundisha mzee naye akinifundisha: "Usitazame unene, tazama kitovu." Vitovu vimefunga, vikavu. Nyuma safi, miguu inang'aa kama imepakwa mafuta. Niliwalaza chali kiganjani na wote waliinuka kabla sijahesabu. Lakini Bi Mkubwa, chotara wa mashine hajui kuatamia. Anataga, anayaacha mayai palepale, anakwenda zake kama mtu aliyeshuka kituoni. Anayetaka mayai ya kuuza, sawa. Mimi nataka koo, kuku mama atakayelalia mayai, aangue, apigane na mwewe, nisiwe narudi kwa yule kijana kila mwaka. Nikaondoka mikono mitupu.

Nilijua tangu mwanzo niende wapi. Nilikuwa nazunguka tu, nikiogopa.

Chanika kwako nilikuja siku ya msiba na siku ya arobaini, katikati ya watu. Kuja peke yangu, na kapu, sijawahi. Nilipita Mbande na Msongola nikitunga maneno ya kumwambia mwanao, na nilipofika getini yote yalikuwa yameniishia. Mwanaidi alikuwa anafagia uani. Akaniambia, "Shikamoo, mama Idi," vizuri, kwa adabu, kama anavyomsalimia muuza duka. Nikaitikia. Akaniwekea kigoda. Matetea wako walikuwa wanachakura kwenye mihogo, warefu vilevile, wana maringo vilevile. Nikatafuta jogoo, sikuona hata mmoja.

Akanieleza. Majogoo wote walichinjwa kwenye hitima ya arobaini yako, wageni walikuwa wengi. Siku hizohizo uzio wa upande wa jirani ukaanguka, yule anayejenga nyumba mpya, naye ana jogoo wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Jogoo hakungoja kukaribishwa. Koo mmoja alikuwa anataga wakati huo, na sasa ana vifaranga: wengine wa majogoo wa nyumbani kabla ya kuchinjwa, wengine wa yule mhuni. Nakuona unavyokunja uso. Kishingo ulikuwa unamwita kuku aliyetoka bafuni bila taulo.

Nikasema nilichoendea. Nikasema, "Mwanangu, banda langu limekwisha. Nimekuja kuomba mbegu."

Akasema, "Mama alikuwa hatoi tetea."

Nikasema, "Najua. Aliniambia mwenyewe."

Akaweka ufagio chini, akaingia ndani. Nilikaa pale nikasikia sufuria zinagongana huko jikoni, nikajua nimejibiwa. Sikuwa na haki ya kukasirika, lakini moyo ulianguka, Bi Mkubwa, nakuambia ukweli. Niliona mbegu yako imenifunga mlango, na kwa hiyo wewe pia umenifunga mlango, sasa kabisa. Nikachukua kapu, nikasimama.

Mwanaidi akatoka na chenga za mchele kiganjani. Akazirusha chini, yule koo akaita, vifaranga vikaja mbio chini ya miguu yetu. Akasema, "Haya, mama mdogo, chagua."

Mama mdogo. Tangu amezaliwa hajawahi kuniita hivyo. Mimi ni mke wa baba yake, mama mdogo ndilo jina langu kwake tangu zamani, na hakuna aliyewahi kulitumia. Nilikaa tena kwenye kigoda, nikafungua kapu.

Basi nikachagua. Kulikuwa na mmoja mzuri kuliko wote, kichwa chembamba, miguu mirefu, anasimama kama wewe ulivyokuwa unasimama harusini. Mkono wangu ulikwenda kwake wenyewe. Kisha nikakumbuka salamu yako ya kwanza. Majogoo waliochinjwa walikuwa ndugu wa jogoo niliyenaye. Kifaranga huyo akiwa wao, nikimpeleka Mbagala namwozesha kwa baba yake mkubwa. Akiwa wa kishingo, hakuna tabu. Utamjuaje? Shingo iliyojaa manyoya inaweza kuwa ya yeyote, lakini shingo tupu haidanganyi. Baba yake ni yule mgeni wa uzio, damu ya mbali.

Nikamrudisha yule mzuri. Nikawaokota wenye shingo tupu, nikatazama vitovu, nikawalaza chali kiganjani, nikawatia kapuni wale wa kuinuka haraka. Mwanaidi alikuwa ananiangalia mdomo wazi. Akasema, "Mama angekutimua na kapu lako." Nikasema, "Angenitimua, halafu angetuma salamu." Tukacheka. Tulicheka mpaka tukashikana mabega, na katikati ya kicheko mwanao akaanza kulia, nami nikalia, hatukuambiana tunalia nini. Kuku wakatupisha.

Nilipotaka kufunga kapu akanizuia. "Bila mama yao watakufa na baridi. Hawa wanaobaki nitawalaza jikoni karibu na moto," akasema, akamkamata koo kwa mabawa yote mawili, akamwingiza juu ya watoto wake. Nikamwambia, "Huyo ni tetea wa mama yako." Akasema, "Najua ni wa nani." Nikauliza kama ni dada wa jogoo niliyenaye, akasema hapana, ni tumbo lingine na baba mwingine, undugu wao wa mbali. Kama mabinamu, na sisi watu wa pwani tunajua mabinamu huoana.

Hivyo tetea wako ametoka, Bi Mkubwa. Wewe hukumtoa, na mimi sikumwiba.

Mzee alikuwa kibarazani niliporudi. Ilikuwa siku ya zamu yako. Nikaweka kapu mbele yake, nikalifungua. Alimjua yule koo mara moja, unajua mzee macho yake ni mabovu kwa kila kitu isipokuwa kuku. Akamtazama, akanitazama mimi. Akauliza, "Amekubali kutoa tetea?"

Kwa muda nilitaka kumkumbusha kuwa hupo. Nikasema, "Amekubali."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Kisha akavua kofia, akainama, akaanza kuwamwagia vifaranga chenga, akiwaambia wasisukumane. Alikaa nao mpaka jioni. Siku ya zamu yako iliyofuata hakusimama mlangoni. Alikwenda bandani moja kwa moja, na nadhani huko ndiko anakokaa nawe sasa. Sioni wivu. Au naona kidogo, ule wa zamani, na nimefurahi kuuona.

Koo analala na watoto wake chini ya mabawa, wenye shingo tupu wanachomoza vichwa kama vizee vinavyochungulia dirishani. Ni wabaya wa sura, sitakuficha. Lakini wana miguu yako.

Nikuage sasa. Wewe umetangulia, sisi sote tuko njia hiyohiyo, na siku nitakayofika naomba unipishe kwenye mkeka wako tunywe ile chai. Mungu akupe nuru huko uliko na nafasi pana.

Na nikuahidi jambo. Mwanaidi hana jogoo, na yule mhuni wa jirani hatoshi. Nitamtafutia jogoo wa kuchi wa damu ya mbali, pengine kwa wafugaji wa Mkuranga. Nitamtazama macho na miguu, nitamtia chanjo, nitamweka peke yake mpaka niridhike hana ugonjwa. Masika yakiisha nitampeleka Chanika. Sitamtuma mzee. Nitalibeba kapu mwenyewe mpaka kwenye kigoda kile. Nitamfunga huyo jogoo miguu kwa kanga yangu, na safari hii nitachana penye maneno.

Mke mwenzako,
Mama Idi