Hoteli ya Chini ya Meza

Mwanangu,

Alfajiri nilisikia kifuniko cha sufuria kikilia sakafuni. Nikadhani panya, kumbe mjukuu wangu kafungua hoteli chini ya meza! Huyu ambaye tangu homa, siku tatu, alikuwa akifumba mdomo akiona kijiko. Nikaingia kwa magoti na sahani ya viazi nilivyochemsha, nikajifanya mteja, nikaagiza.

“Onja kwanza, mpishi, nisije nikaumwa tumbo.”

Akaonja, akaonja tena, akamaliza sahani yote ya mteja. Moyo wangu umetua.

Viazi vingine vimo kwenye sufuria ndogo. ~~Mlishe saa nne.~~ Usimlishe, wewe agiza tu. Na asante kwa shuka uliyonifunika jana, nilikuwa macho.

Nikitoka mlangoni mwa hoteli yake, kaniambia, “Mteja, uje tena kesho, lakini uje na njaa!”

Mama