Bra Ipi, Papa?

Papa,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa nyumbani Hjulsta, kile ulichokataza watu wasikikalie. Usigombe. Nina jambo la kukuambia, na kwingine kote nimeshindwa kulisema.

Mama amekuchagulia jiwe la kaburi. Ni dogo, la kijivu, ungelipenda. Chini ya jina lako anataka liandikwe neno moja tu: Bra. Mchonga mawe alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mama akamweleza, kwa Kiswidi chake cha kuungaunga, kwamba ndilo neno la mwisho ulilomwambia binti yako. Kila Jumapili kanisani Bredäng anawasimulia watu hivyohivyo: "Alimuambia Neema ku simu kama yeye ni muzima. Alienda na amani." Watu wanamshukuru Mungu. Mimi naangalia viatu vyangu.

Unakumbuka neno hilo lilivyoingia nyumbani kwetu? Ulirudi kutoka darasa la Kiswidi umechanganyikiwa. Mwalimu alimuuliza kila mtu hali yake, na kila mtu akajibu bra. Wewe, mwalimu wa Kifaransa kutoka Bukavu, ulisikia neno la Kifaransa la mkono. "Darasa yote inaumwa mikono!" ulituambia. Kumbe kwa Kiswidi ni vizuri. Halafu yule dada Mkenya wa kwaya akakunong'oneza kwamba kwa Kiingereza ni sidiria, ukacheka mpaka machozi yakakutoka. Tangu siku hiyo nikikuuliza hali, ulikuwa ukikunja mkono wa kushoto kunionyesha msuli na kusema, "Bra!" Msuli wenyewe haukuwepo, Papa. Tulicheka hata hivyo.

Asubuhi ile nilikuwa kwenye treni nikielekea kazini Upplands Väsby. Nilikupigia na kukuuliza hali kwa Kiswidi, kama nilivyozoea tangu utoto, huku natafuta glavu yangu moja. Ukasema, "Bra." Kisha ukarudia polepole, "Bra, Neema... bra." Nikacheka. Nilicheka, Papa. Nikasema hata mimi bra, nikakata simu.

Jirani aliyekuja kurudisha ufunguo ndiye aliyekukuta jikoni, umelala chini, umeshika mkono wa kushoto. Daktari alinieleza kwamba moyo ukishindwa, maumivu huweza kushuka mkononi. Akaniuliza kama ulikuwa umelalamika. Nikamjibu hapana, alisema yuko vizuri. Nikamwambia na Mama hivyohivyo.

Sasa siwezi kulikwepa neno lenyewe. Bosi analisema, muuza duka analisema, mwanangu analisema akimaliza chakula. Kila mara najiuliza ulimaanisha ipi. Kwenye simu mkono hauonekani. Ningekuuliza kwa lugha yetu, "Papa, unaumwa?", ungenijibu kwa lugha yetu. Hilo ndilo linalonila.

Jana mchonga mawe alipiga simu kusema anaanza Jumatatu. Nikaona nikinyamaza tena, uongo wangu utachongwa kwenye jiwe. Nikamfuata Mama jikoni, alikuwa anachambua maharage, nikamwambia yote. Hakuinua uso. Nilidhani atanifukuza.

"Asubuhi ile, mbele ya kwenda kazi, nilimuona ameshika mukono," alisema. "Nikamuuliza, ni nini? Akasema, bra. Nikazani ni ule muchezo yenu. Nikacheka, nikatoka."

Papa, miezi yote hii amekuwa akilibeba peke yake, akiwaambia watu kanisani ulikwenda na amani, nami nikiwa nimekaa pembeni yake. Tulilia mpaka maharage yakasahaulika. Hatujui hata sasa. Hatutajua. Nilipomuuliza tumwambie nini mchonga mawe, alijifuta uso kwa kitenge. "Aandike vile vile."

Basi litaandikwa. Waswidi watakaopita watasoma kwamba ulikuwa salama. Mimi na Mama tutasoma mkono.

Nisamehe, kama pale ulipo watu husameheana. Kiti nimekipangusa, nakuachia. Na ninakuahidi hivi: mwanangu akinijibu bra, nitamuuliza kwa Kiswahili, ipi? Sitakata simu mpaka anijibu.

Pumzika, Papa.

Neema wako